Kapu la Hüsmen na Msumari wa Cemali

Hüsmen Karaca alikuwa amebwagwa mara ishirini na saba katika uwanja wa kijiji chake mwenyewe, na hapakuwa na mtu Sazlıkuyu asiyeijua hesabu hiyo. Hata bibi wa kuuza mbegu za alizeti, ambaye umri wake mwenyewe ulikuwa umemtoka kichwani, alijua kwamba za Hüsmen ni ishirini na saba. Mwaka wa kwanza alibwagwa na askari aliyekuja likizo. Mwaka wa saba alibwagwa na mtu mwenye homa. Mwaka wa kumi na tatu aliteleza mwenyewe kabla mwenzake hajamgusa sawasawa, na wanaume wa kijiji wakacheka mpaka mavuno. Pambano moja kila mwaka, Jumapili ya mwisho ya Juni, na kila mwaka kitovu chake kiliona jua. Katika mieleka ya mafuta, ukilazwa chali kitovu kikaona jua, hakuna rufaa.

Kwingine alikuwa ameshashinda. Mara tatu, katika vijiji vya mbali, na mojawapo mvua ilikuwa inanyesha na watazamaji wote wamejificha chini ya trela la trekta. Alirudi nyumbani akasema, "Leo nimeshinda," wakamwitikia, "Haya, sawa," kama mtu anavyomwitikia mgonjwa. Kwa kuwa hakuna aliyeona, Sazlıkuyu hawakuziingiza kwenye hesabu.

Usidhani alikuwa dhaifu. Alikuwa na shingo nene hata akiitwa ilimbidi ageuze mwili mzima, na mikono ya mtu anayekamua ng'ombe kumi na mmoja asubuhi na jioni. Mungu alimpa nguvu akasahau kumwongezea wepesi, basi. Na Hüsmen hakumlaumu Mungu. Kila alfajiri kabla ya kukamua alitoka uani akaukumbatia mforosadi, akausukuma, akauvuta, akaubadilishia mshiko, mpaka gome la mti lilikuwa limelainika kwenye kimo cha mabega yake. Kila mwezi alitoa kispeti, ile suruali nzito ya ngozi ya ng'ombe inayofika chini ya magoti, akaipaka mafuta, akaikunja, akairudisha kwenye kapu lake la matete. Aliipaka hata Januari, theluji ikiwa imeziba mlango na hakuna mieleka hadi masika.

"Unaipaka ya nini saa hizi?" shemeji yake aliwahi kumuuliza. "Juni bado miezi mitano."

"Ngozi haijui kalenda," Hüsmen alijibu.

Kijijini waliona kubwagwa tu. Mkewe Raziye aliona kitu kingine, kwa sababu ndiye pekee aliyekaa uwanjani na saa mkononi. Mwaka wa tisa Hüsmen alidumu dakika nne. Mwaka wa kumi na tisa alidumu kumi na saba. Mwaka jana, mbele ya jitu moja la kutoka mjini, alidumu dakika thelathini na mbili kabla ya kuona jua. Raziye aliandika dakika hizo kwa penseli nyuma ya mlango wa kabati la unga, na hakumwonyesha mtu, maana angemwonyesha nani? Wahenga walisema asiyekubali kushindwa si mshindani. Hüsmen alikuwa amekubali mara ishirini na saba na kila mara akarudi, sasa mshindani gani tena unamtaka?

Cemali alikuwa na jibu tofauti. Cemali ndiye mwenye mkahawa, na ukutani juu ya jiko la chai palitundikwa kapu lake, na chini ya kapu kikombe cha fedha. Miaka ishirini na miwili iliyopita alimbwaga Hüsmen katika pambano la kwanza, akambwaga wa pili, wa tatu na wa nne, akachukua kikombe, na jioni ileile, akiwa na miaka ishirini na mitano, akatundika kapu. Mcheza mpira hutundika daluga. Kwetu mwanamieleka hutundika kapu lenye kispeti ndani, na likishapanda ukutani halishuki. Ukilishusha, hakuna atakayekubali kukupaka mafuta mgongoni. Na mgongo wa mwanamieleka hupakwa na yule anayekwenda kupigana naye, si mtu mwingine. Usipopakwa hushindani, mambo yamekwisha.

Cemali na Hüsmen walikuwa marafiki tangu utotoni, na hilo ndilo lililofanya mambo yawe magumu. Wiki tatu kabla ya mashindano Hüsmen aliingia mkahawani akamkuta Cemali juu ya kiti, nyundo mkononi, na msumari mpya kando ya ule wa kapu lake.

"Huo wa nini?"

"Wako," Cemali alisema, akashuka akitweta. "Kamati ya mashindano imekaa. Mwaka huu unashindana mara ya mwisho. Jioni tunakuja hapa wote, ngoma na zumari, tunatundika kapu lako pembeni ya langu. Na kibao chenye jina lako. Cha shaba, ndugu yangu, si plastiki."

"Nimekufa lini?"

"Usianze. We Hüsmen, una miaka arobaini na sita. Shingo yako haigeuki!"

"Nageuka mwenyewe."

"Watu wanakucheka, mwenzangu! Mimi inaniuma. Wewe haikuumi?"

"Inaniuma wiki moja," Hüsmen alisema. "Ya pili napaka kispeti."

Wazee waliokuwa wanacheza karata pale dirishani wakaangua kicheko, na mmoja wao akatupa lile neno ambalo huko kwetu hutupiwa kila mtu anayetaka kurudia baada ya kushindwa: "Mwanamieleka aliyebwagwa hashibi mieleka!" Mkahawa mzima ukacheka. Hüsmen alitafuta la kujibu, hakulipata. Jibu lilimjia baadaye akiwa zizini na ndoo katikati ya magoti, kama majibu mazuri yanavyopenda kufanya, akaishia kumwambia ng'ombe.

"Wanataka nitundike kapu," alimwambia Raziye wakati wa chakula cha usiku, mbele ya bakuli la maharagwe.

Raziye aliendelea kukata tikiti. "Ukitundika, Jumapili utakuwa wapi?"

"Hapahapa. Nyumbani."

"Na alfajiri?"

"Nyumbani."

"Unanisimamia jikoni, unaniambia chumvi imezidi." Akamsukumia kipande. "Wewe nenda ukabwagwe, mume wangu. Kila mtu ana kazi yake."

Hüsmen alicheka, lakini usingizi ulichelewa. Alikuwa anaogopa, tusidanganyane. Hakuogopa kubwagwa, hilo alilizoea kama jino bovu. Aliogopa alfajiri ile ambayo angetoka uani na mforosadi ukawa mti tu. Akaamua kwamba kwa kuwa hakuna mtu anayeweza kumtundikia mwenzake kapu bila yeye kulitoa mkononi, angekwenda, angeshindana, angerudi na kapu lake nyumbani, na kamati wale shaba yao.

Hakumfikiria Mestan. Mestan alikuwa mnadi wa uwanja, mzee mwembamba mwenye sauti ya kuamsha mochwari, na kazi yake ni kuwasimamisha wanamieleka wawili mbele ya watu, kuwasifu kwa mashairi, kisha kuwasukuma kwenye majani wakaanze. Anachokinadi Mestan kimenadiwa. Sazlıkuyu watu wamewahi kubadili shahidi, wamewahi kubadili mwenyekiti wa kijiji, lakini maneno ya mnadi hayabadilishwi, na mwanamieleka akiwa kwenye majani hafungui mdomo kubishana naye. Ni aibu kubwa kuliko kubwagwa.

Jumapili ilifika na joto lake. Majani ya uwanja yalikuwa yamekatwa jana yake, na harufu yake ilipochanganyika na mafuta ya zeituni yaliyopashwa jua, Hüsmen alijisikia miaka kumi na tisa. Alifunga kamba za kispeti chini ya magoti, akazikaza, akazikagua tena, kwa sababu mwaka wa kumi na moja mtu aliingiza vidole palepale. Akaenda kwenye mitungi ya mafuta. Mpinzani wake alikuwa Tuncay, kijana wa miaka ishirini na mitatu kutoka mji wa jirani, mabega kama fremu ya mlango. Kijana akampaka mafuta mgongoni kwa adabu, mkono wa kulia kwanza, kama inavyopasa. Kisha Hüsmen akampaka yeye.

"Karibu, mwanangu," Hüsmen alisema.

"Asante, amu," Tuncay alijibu, lakini macho yake yalikuwa miguuni.

Mestan akawashika mikono, akawageuza wawatazame watu, akanyamazisha ngoma. Akamsifu Tuncay kwanza. Alipofika kwa Hüsmen alipandisha sauti: kwamba leo simba wa Sazlıkuyu anaaga, kwamba hili ni pambano la mwisho, kwamba jioni kapu linapanda ukutani, basi wamshangilie kama anavyoshangiliwa anayeondoka. Watu wakainuka. Wale waliomcheka miaka ishirini na saba wakapiga makofi, wengine wakifuta macho. Jukwaani Cemali alikuwa amevaa shati jeupe, na kile kibao amekipakata kifuani.

Hüsmen alisimama, mafuta yakimtiririka. Kimenadiwa. Mbele ya watu mia sita, kwa sauti ya mtu asiyebishiwa, alikuwa ametundikwa. Alimtafuta Raziye kwa macho akamwona safu ya pili, saa mkononi, hapigi makofi.

Ngoma zikaanza na zumari zikafuata, wakafanya mwendo wa kufungua: hatua mbele, hatua nyuma, mkono ardhini, kisha gotini, mdomoni, kwenye paji la uso. Hata siku ile, na hasira ile, mwendo ulimtuliza. Halafu wakashikana shingo na pambano likaanza.

Dakika ya kwanza alijua kuna jambo. Mwanamieleka aliyebwagwa mara ishirini na saba ana elimu ambayo bingwa hana: anajua jinsi mkono unaotaka kukubwaga unavyoshika. Mikono ya Tuncay ilishika lakini haikutaka. Iliingia kwenye mkanda wa kispeti ikatulia humo, kama mkono wa mtu anayepasha vidole moto. Hüsmen akajaribu mguu, mguu ukaja. Akasukuma, kijana akarudi nyuma. Akaingiza mkono chini ya kwapa, na ile fremu ya mlango ikaanza kuinama yenyewe, taratibu, upande wa mgongo.

Uwanja ulilipuka. "Mbwage! Hüsmen, mbwage!"

Hapo lazima niseme ukweli, maana wengine husimulia kisa hiki kana kwamba Hüsmen hakutikisika. Alitikisika. Miaka ishirini na saba alikuwa anaitazama mbingu yeye, na sasa kitovu cha mtu mwingine kilikuwa shubiri mbili tu kutoka kuona jua. Aliutaka ushindi ule mpaka meno yakamuuma. Ingetosha kuachia tu.

Badala yake akakaza mikono akamshika asianguke.

Haijawahi kuonekana. Wanaume wawili wenye mafuta, mmoja anahangaika kuanguka, mwingine amemng'ang'ania anamzuia. Watu walidhani ni mbinu mpya.

"Niachie, amu," Tuncay alinong'ona, pua yake kwenye bega la Hüsmen. "Niachie nianguke."

"Huanguki."

"Nimeahidi!"

"Umemwahidi nani?"

"Mwenye mkahawa. Alisema wewe mwenyewe umekubali. Alisema ni heshima yako ya mwisho. Amu, mgongo unaniuma, ama niachie ama niinue!"

Hüsmen akamwinua. Akamsimamisha wima kama mtu anavyosimamisha mti wa uzio, akamtazama. Kijana alikuwa mwekundu mpaka masikioni, na haikuwa kwa jua.

"Unapenda mieleka?" Hüsmen alimuuliza.

"Ndiyo, amu."

"Basi unafanya nini?"

Hüsmen akafuta jicho kwa kidole, ishara kwamba mafuta yameingia, na mwamuzi akaruhusu. Akatoka katikati ya uwanja akaenda kwenye mitungi. Watu walidhani anakwenda kuchukua kitambaa. Akachukua mtungi mzima. Akarudi nao mpaka kwa Tuncay, akamgeuza, akammiminia mafuta mgongoni, akampaka kuanzia shingoni, mkono wa kulia kwanza, polepole, kama watu ambao hawajashindana bado. Kisha akamkabidhi mtungi na kumpa mgongo wake.

Hakusema neno hata moja, na hakuna mtu wa kwetu huku Thrakia aliyehitaji kuelezwa. Wanaopakana mafuta ni wanaokwenda kuanza. Hüsmen alikuwa anasema kwamba hadi hapo hakuna pambano lililopigwa, na kama halikupigwa, basi hata ule unadi wa Mestan haukuwa na kitu cha kunadi. Kelele zilikufa. Mpiga ngoma akaacha fimbo hewani. Jukwaani Cemali aliketi, kibao mapajani. Tuncay alishika ule mtungi, akaanza kupaka.

Watu wote wakamgeukia Mestan. Mzee alikuwa na njia mbili: kusema maneno yake ya kwanza yanatosha, au kunadi upya. Mestan hakuwa mtu wa huruma, ila alikuwa ameifanya kazi ile miaka hamsini, na siku hiyo alikuwa ametumiwa kunadi mieleka ya kupanga bila kuambiwa. Alikuja kwa hatua ndefu, akawashika mikono tena, akawageuza, akavuta pumzi:

"Ni ishirini na saba, kitovu chaona jua,
Wambwage tena si haba, njia yake aijua,
Mieleka hana toba, kispeti hajakivua,
Mwenye nguvu za kukaba, aje tutamtambua!"

Hakutaja kuaga. Hakutaja ukuta. Akawasukuma kwenye majani, ngoma zikapasuka, na Hüsmen akafanya mwendo wa kufungua mara ya pili, mkono ardhini, gotini, mdomoni, kwenye paji la uso, na machozi yake yakaenda pamoja na mafuta bila mtu kujua. Walipokutana katikati alimpiga Tuncay kofi la shingo, lile kofi la kishindo la kufungulia pambano.

"Sasa njoo!"

Kijana akaja. Lo, alikuja! Mkono wake ulipoingia kwenye mkanda safari hii, Hüsmen alihisi mifupa ya nyonga ikisogea. Akamvuta, Hüsmen akapiga goti. Akamzunguka mgongoni, Hüsmen akajilaza kifudifudi na kung'ang'ania majani, akatoka kwa chini kama alivyojifunza mwaka wa ishirini na moja. Akakamatwa mguu wa kushoto, akaukomboa kama alivyojifunza mwaka wa kwanza. Kila alipobwagwa zamani palikuwa na jambo amelichukua, na siku ile aliyatoa yote moja moja. Dakika ishirini zikapita. Jua likahama kwenye paa la jukwaa. Wazee wa karata walikuwa wamesimama juu ya viti, na mmoja wao, yuleyule mwenye maneno, alikuwa anapiga kelele za kuombea mtu aliyemcheka robo karne. Hüsmen hakuwasikia. Alikuwa anasikia pumzi ya kijana, ngoma, na ngozi ya kispeti chake, laini, isiyopasuka popote.

Mara moja, mara moja tu, alimpindua Tuncay mpaka bega likagusa majani, na uwanja mzima ukanyanyuka. Kijana alijiviringisha akatoka. Halafu miguu ya Hüsmen ilichoka kidogo tu, na kidogo ndicho Tuncay alichokuwa anakisubiri. Alimkata kutoka nyuma, akamgeuza hewani, na Hüsmen Karaca akaona jua. Ya ishirini na nane.

Alilala pale akitweta, mbingu ikiwa buluu mno. Tuncay akamwinua, akainama akaubusu mkono wake akauweka kwenye paji la uso, kama mdogo anavyomfanyia mkubwa aliyemshinda.

"Nisamehe, amu," alisema.

"Ya mwanzo nimekusamehe. Hii ya pili unaniombea msamaha wa nini?" Hüsmen alikohoa mafuta. "Ila ulikuwa na mguu wangu mapema kabisa, ukauachia. Kwa nini?"

Kijana akafikiri. "Niliogopa utaingia kwa chini."

"Ningeingia kweli. Lakini ungeubana kwa goti, nisingetoka. Mwakani usiuachie."

"Mwakani?" Tuncay alisema, na sura ikaanza kumfunguka.

Raziye alikuwa anamsubiri penye mitungi, taulo begani.

"Dakika arobaini na saba," alisema.

"Pamoja na ule upuuzi wa mwanzo?"

"Mimi nilianza kuhesabu baada ya mafuta ya pili," Raziye alisema, akamfuta uso.

Walipita mkahawani wakielekea nyumbani, jua bado liko juu kidogo, kwa sababu Hüsmen alisema ana kazi huko. Aliingia na kapu mkononi. Palikuwa pamejaa. Cemali alikuwa nyuma ya jiko la chai, hasira imemvimba.

"Nilikupa ushindi!" alisema kabla hajasalimiwa. "Mbele ya kijiji kizima! Nani mwingine angekufanyia hivyo? Nani? Na wewe unanivua nguo uwanjani!"

"Cemali," Hüsmen alisema. "Mwaka ule uliponibwaga. Leo nikikuambia kwamba nilijilaza?"

Cemali akawa mweupe kama shati lake. Macho yakamwendea kikombe ukutani, yakarudi. "Hukujilaza."

"Nikikuambia waliniomba? Kwamba ilikuwa heshima yako?"

"Hüsmen! Hukujilaza!" Alikuwa ameshika ukingo wa meza kwa mikono miwili. "Sema hukujilaza!"

"Sikujilaza. Ulinibwaga kweli, na bega liliniuma mpaka mavuno. Ndiyo maana kikombe chako ni kikombe." Hüsmen akaweka kapu mezani taratibu. "Wewe ulikula chakula halisi, ndugu yangu. Mimi ukaona nastahili makombo yaliyopangwa kwenye sahani nzuri. Nipe koleo."

Cemali alifungua droo akatoa koleo, akampa bila kumtazama. Hüsmen akapanda kiti, akashika ule msumari mpya, akauvuta. Uligoma, maana Cemali alikuwa ameupigilia kwa moyo wote, kisha ukatoka na kipande cha plasta. Akashuka, akautia mfukoni.

"Sasa ukuta wangu una tundu," Cemali alisema, na sauti yake ilikuwa imeanza kulegea, nusu ugomvi, nusu kitu kingine.

"Weka kalenda. Ile shaba pigilia kwenye choo."

Mtu mmoja akacheka, akajizuia. Hüsmen akavuta kiti, akaketi na maumivu ya dakika zote arobaini na saba, kapu kati ya miguu yake. Kutoka dirishani yule mzee wa karata, ambaye sauti ilikuwa imemkauka kwa kumshangilia, hakuweza kuvumilia.

"Mwanamieleka aliyebwagwa," akakoroma, "hashibi mieleka!"

Safari hii Hüsmen hakulitafuta jibu. Ng'ombe alikuwa ameshalisikia wiki tatu zilizopita.

"Sijashiba," akasema. "Lete chai, Cemali."